Ndege Nisiowasikia

3 Machi

Daktari wa masikio ameniagiza niandike kila siku saa mlio wa masikioni mwangu unapoanza na saa unapokoma, nimpelekee daftari baada ya miezi mitatu. Hajui kwamba mlio haukomi. Basi nimenunua daftari la kurasa mia na nitaliandika nitakavyo.

Aliniingiza kwenye chumba kidogo kama kabati, akanivisha hedifoni, akanipa kitufe mkononi. Kila nikisikia sauti, nibonyeze. Nikabonyeza mara kadhaa, kisha pakawa kimya. Nikakaa na kidole juu ya kitufe, nikingoja aanze sehemu ya pili. Akafungua mlango akasema tumemaliza. Nikamwambia bado hajanipigia zile nyembamba. Alinitazama kidogo, halafu akasema kwa upole kwamba amenipigia zote.

Kwenye karatasi yake kuna mstari unaokwenda sawa, halafu unaporomoka ghafla. Sauti nene bado ninazo. Nyembamba zimekwenda, na hazirudi. Kifaa cha kuvaa kinaweza kunisaidia kuwasikia watu wakizungumza, lakini zile za juu kabisa hataki kunipa matumaini ya uongo. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema ni mkulima.

Sina hata kitalu cha mchicha. Mimi ni mwongoza wageni msituni. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nawatembeza watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kutazama ndege, na msitu wetu ni mnene kiasi kwamba ndege haonekani kabla hajasikika. Unasikia kwanza, ndipo unajua darubini uielekeze wapi. Mwongozaji asiyesikia ni mtu anayetembea tu.

Mume wangu nimemwambia ni uchafu wa masikio, nimesafishwa.

4 Machi

Mvua. Mlio siku nzima.

9 Machi

Kundi la kwanza la msimu, watu sita. Zamani mimi nilitangulia na msaidizi wangu, ninayemwita Mrefu, akafunga msafara. Mwaka huu nimegeuza: Mrefu mbele, mimi nyuma. Nimewaambia wageni ni kwa ajili ya kumpa mazoezi, nao wakacheka, maana Mrefu ana umri wa miaka thelathini na minne na kichwa chake kinagusa matawi.

Nilimpokea kazini miaka minane iliyopita, hajui njiwa wala kigogota. Sasa ana masikio ya paka. Akisikia kitu huinamisha kichwa upande ule, bega likishuka kidogo, na mimi nikiwa nyuma yake naliona bega hilo. Hapo napiga hesabu zangu: tuko kwenye kona ya mianzi, ni asubuhi, mvua imekatika, kichwa kimeinama kulia chini. Basi ni yule mdogo wa kijivu anayeishi hapo na mkewe tangu juzi juzi. Nalitaja jina lake kabla Mrefu hajafungua kinywa.

Leo nimetaja tisa na wote tisa wakaonekana. Wageni walinipigia makofi kwenye kibanda cha kupumzikia. Nikainama kufunga kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari, ili wasinione uso.

14 Machi

Hondohondo wawili wamepita juu yetu, mabawa yakivuma. Hao nawasikia. Nilisimama katikati ya njia mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

19 Machi

Kuna mgeni mmoja, karani mstaafu wa posta, anatembea na kinasa sauti chenye manyoya kama paka aliyelowa. Leo tulipofika kijitoni nilijisikia nimekaa kimya muda mrefu mno. Wageni walikuwa wananitazama. Nikanyoosha kidole kwenye mizizi nikasema kurumbiza, anaimba, amejificha, msisogee. Wote wakasikiliza kwa pumzi moja, wakaandika kwenye madaftari yao.

Mrefu hakuwa ameinamisha kichwa. Niliona na bado nikasema.

Wakati wa chai ya jioni karani alituchezea alichonasa. Maji, maji, maji. Akaniuliza kurumbiza wangu yuko wapi. Nikamwambia maji yamemfunika, mashine haina sikio la mtu. Akakubali, tena kwa heshima. Mrefu alikuwa kwenye ngazi anafuta lenzi za darubini, hakuinua uso. Alifuta lenzi ileile mpaka chai ikaisha.

Watu sita wamekwenda makwao na ndege ambaye hakuwepo.

20 Machi

Leo njiani Mrefu ameniuliza, "Dada, siku hizi unalala vizuri?" Nimemjibu kwamba usingizi wangu ni wa mume wangu kuuhesabu. Akacheka kidogo akaendelea mbele.

Najua anachotafuta. Meneja amesema kuanzia Juni kambi yetu ya wageni itakuwa na kiongozi mmoja mkuu, na mwingine atakuwa chini yake. Mtu niliyemfundisha kushika darubini ananinusa kama fisi anavyomnusa anayechechemea.

28 Machi

Wageni wanne. Ndege ishirini na mmoja. Watatu kati yao sina hakika nao. Mvua saa saba hadi saa kumi na moja.

2 Aprili

Nilikuwa nyumbani siku mbili. Mume wangu ni fundi cherehani, chumba chake cha kazi ndicho sebule yetu, na huzungumza nami huku mguu ukikanyaga cherehani. Sasa nimegundua kitu. Akitaka kuniambia jambo anasimamisha cherehani, anainuka, anakuja mpaka mbele yangu, ndipo anasema. Hata kuniuliza chumvi iko wapi. Hajasema lolote kuhusu hilo, na mimi pia sijasema.

Jioni, bado kweupe, nilimpa filimbi moja kati ya zile tunazowavika wageni shingoni. Nikamwambia kambi imepokea mpya, tuzijaribu. Yeye atembee kuelekea uzioni akipuliza, mimi nisimame mlangoni nimempa mgongo. Alipokuwa jikoni niliisikia, nyembamba kama uzi. Alipotoka nje, sikusikia kitu. Nikangoja. Nikaendelea kungoja mpaka nikahisi mkono begani.

"Nimepuliza mpaka mbavu zinauma," akasema.

Nikamwambia ni nzuri, zina nguvu. Aliitazama filimbi, akanitazama mimi, akaiweka mezani polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Ukipotea, simama ulipo, puliza mara tatu, tutakuja. Maneno hayo ni mimi ninayewaambia wageni, kila kundi, asubuhi ya kwanza.

3 Aprili

Kesho namwambia Meneja.

4 Aprili

Sikumwambia. Alikuwa na fundi wa paa.

5 Aprili

Sikumwambia. Alikuwa peke yake, hana kazi yoyote, akanikaribisha hata kiti. Nikaomba makoti mapya ya mvua.

10 Aprili

Kundi kubwa la msimu limefika, watu wanane kwa siku kumi. Mvua nazo zimefika kwelikweli. Njia ya kwenye ukingo wa korongo imekuwa sabuni.

Katika kundi kuna mama mmoja wa miaka sabini na moja, mwalimu mkuu mstaafu, amekuja na mdogo wake. Ana kofia yenye ukingo mpana kama sinia. Mbele yake namwita Mama, lakini katika daftari hili atakuwa Bi Kofia. Anatembea polepole na haombi radhi kwa hilo. Nilipomvika filimbi aliniambia hajawahi kupotea tangu azaliwe, ila amewahi kupoteza wengine.

13 Aprili

Nampenda Bi Kofia, na hiyo ndiyo taabu. Hukaa nyuma nami kwa sababu ya mwendo wake, na huzungumza njia nzima. Anasema mdogo wake anashika darubini kama sufuria ya moto. Mdogo mtu anajibu kutoka mbele kwamba sufuria hiyo imempatia ndege kumi na wanne, je, Dada anao wangapi? Wana miaka sitini ya mazoezi ya kuchokozana.

Tatizo ni sauti yake. Ni ndogo, ya mwalimu ambaye hakuhitaji kamwe kupaza. Chini ya mvua napata nusu. Nusu nyingine natikisa kichwa kama niliyesikia. Nimekuwa bingwa wa kutikisa kichwa: kuna cha habari njema, kuna cha habari ya kusikitisha, na kuna cha katikati kwa nisilolijua kabisa. Leo nimempa cha katikati akanyamaza, akaniangalia. Sijui aliniuliza nini.

14 Aprili

Ndege kumi na wawili. Mlio umepanda.

17 Aprili

Naandika leo ya jana. Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha hata jambo moja nitaanza kulisahau kwa faida yangu.

Tulitoka asubuhi kwenda ukingo wa korongo. Mrefu mbele, wageni wanane katikati, mimi nyuma. Sheria ya anayefunga msafara ni moja tu: nyuma yako asiwepo mtu.

Saa saba mchana mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mrefu akaashiria twende kwenye kibanda, mwendo wa dakika ishirini. Watu wakaanza kuharakisha, vichwa chini. Bi Kofia alikuwa hatua mbili mbele yangu. Akasimama pembeni kunipisha, akaniambia kitu. Niliona mdomo wake ukisogea chini ya ukingo wa ile kofia, maji yakimwagika mbele yake kama pazia. Nilidhani ameisema mvua.

Nikatikisa kichwa. Nikapita. Nikaenda.

Kwenye kibanda nikahesabu saba. Nikahesabu tena. Mdogo wake akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Dada si alikuwa na wewe? Nilimsikia akikuambia umngoje afunge kiatu."

Nikageuka kutazama njia. Mrefu akanivuta kando. Akasema, karibu sana na uso wangu, "Dada, wewe wapeleke wageni kambini. Mimi narudi kumtafuta."

Lilikuwa jambo la maana, na kila mtu pale angeona ni la maana. Mimi nilisikia mtu anayetaka kazi yangu. Nikamwambia njia ile nimemfundisha mimi, awateremshe wageni na kuleta askari wa msitu, mtu wangu namtafuta mwenyewe. Alisimama. Alifungua kinywa, akawaangalia wageni, akafunga. Kisha akawachukua akaenda. Kambini ni mwendo wa saa moja na zaidi kwenye tope, na kurudi vilevile.

Nilirudi hadi pale alipokuwa amesimama. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote, hata zangu. Nikaita. Nikashuka mpaka mianzini, nikapanda mpaka kibandani, nikaita. Kila baada ya hatua kumi nilisimama na kuzuia pumzi, kama nilivyofanya maisha yangu yote, na kila mara kilichonijia ni mlio wangu mwenyewe. Nilijua kwamba akipuliza sitasikia. Nilijua tangu tarehe mbili. Nikawa natazama majani tu, kila jani, labda kuna litakalotikisika vibaya. Yote yalikuwa yanatikisika.

Nilipita ukingo ule kwenda na kurudi. Nilipita tena. Nililia huku naita, nikaona kulia kunanipunguzia macho, nikaacha.

Saa kumi na nusu Mrefu akatokea na askari watatu wa msitu, wamekimbia, vifua vinapanda na kushuka. Kabla sijasema neno aliinua mkono. Wote wanne wakageuza nyuso mahali pamoja kwa mara moja, chini ya miguu yangu.

"Anapuliza," Mrefu akasema.

"Wapi?"

"Dada. Hapo. Hapo uliposimama, chini."

Alikuwa hatua kama saba chini yetu, kwenye kijukwaa cha mwamba kilichofunikwa na majani mapana. Aliteleza akifunga kiatu. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Midomo ilikuwa ya buluu na filimbi ilikuwa imekwama kati ya meno. Taya zilikuwa zimekaza kwa baridi, ikabidi Mrefu aitoe kwa vidole, taratibu, akimwambia imetosha Mama, imetosha, tumefika.

Aliponiona hakulia wala hakunigombeza. Aliniambia, na hilo nililisikia lote kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti mbele ya pua yake, "Nilikuwa naona viatu vyako."

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, kisha gari la kambi likampeleka hospitali na mdogo wake. Mimi sikupanda. Nafasi ilikuwepo.

18 Aprili

Nyonga imevunjika. Wamemfanyia upasuaji. Homa imeingia mapafuni. Meneja amesoma ujumbe huo kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, na mpishi akanishika mkono, akasema pole, hakuna ambaye angesikia kitu katika mvua ile. Watu wote wananipa pole. Sijawahi kupewa pole nyingi hivi tangu nifiwe na mama.

19 Aprili

Mrefu ndiye aliyepewa kazi ya kuandika taarifa ya tukio. Ameniletea niisome kabla hajaikabidhi. Imeandikwa vizuri. Inasema kelele ya mvua na mto ulio chini ya korongo zilifanya filimbi isisikike kabisa kwa mtu aliye kwenye njia ya juu.

Nikamwambia, "Lakini nyinyi mliisikia."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Ndipo nilipotambua kwamba naye, kama mume wangu, siku zote huja mbele. Akasema amejua tangu mwaka jana. Akaniuliza, "Dada, wewe unafikiri mtu husikiliza ndege kwa kupinda shingo namna ile? Shingo inaniuma tangu msimu uanze."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja: lile bega, kile kichwa, upande wa kulia chini, upande wa kushoto juu. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ananionyesha. Msimu mzima nilikuwa namwibia mtu aliyekuwa ananipa mkononi.

Alisema alidhani ananisaidia mpaka nitakapopata nguvu ya kusema mwenyewe. Alisema kwenye kibanda alitaka kunikatalia mbele ya watu, akaona ataniaibisha mbele ya wageni, akanyamaza. Hapo sauti ikamkatika. Akasema, "Nilichagua heshima yako, Dada. Yule mama akakaa kule saa tatu kwa sababu ya heshima yako."

Humu ndani nimemwita fisi. Ukurasa upo, siuchani.

20 Aprili

Nimekwenda kwa Meneja kabla ya chai. Nimemwambia tangu chumba cha daktari hadi filimbi ya uzioni, sikupunguza. Hata kurumbiza wa kijitoni nimemtaja. Aliniuliza nani mwingine alijua. Nikasema hakuna.

Akafungua droo akatoa karatasi. Mrefu alikuwa amemtangulia kila mtu asubuhi hiyo, ameichana ile taarifa ya kwanza na kuandika nyingine, na jina lake amelitia ndani pamoja na langu.

Meneja si mtu mbaya. Alikaa muda anaipigapiga kalamu mezani. Akasema, "Ungeniambia mwezi Machi ningekutafutia la kufanya. Una miaka kumi na tisa kichwani. Sasa nitawaambia nini wale watu?"

Nimerudisha darubini ya kambi, koti na ufunguo wa stoo. Mrefu amepewa onyo kali. Hawawezi kumfukuza, hakuna mwingine mwenye masikio.

21 Aprili

Nyumbani. Nimemwambia mume wangu. Akasema anajua, alikuwa anajua, na kwamba siku ile ya uzio alipuliza akilia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja mimi nianze.

Watatu tuliojua, na wote watatu tulikuwa tunaoneana haya.

24 Aprili

Mlio. Mvua. Siendi popote.

27 Aprili

Nimekwenda hospitali. Mdogo wake alinikuta kwenye korido, nje ya mlango wa wodi. Taarifa ya pili imemfikia. Hakupaza sauti, na nilimshukuru kimoyomoyo halafu nikaona aibu kushukuru. Alisema homa haijashuka, dada yake anapumua kwa mashine, na kwamba kama nimekuja kutafuta wa kunituliza nimekosea mlango. Akasema, "Ulimvisha kile kitu shingoni kwa mikono yako."

Nikarudi. Mabasi mawili, mwendo wa saa nne. Sikumbuki hata kituo kimoja.

30 Aprili

Leo nimemwazia afe. Naandika kwa sababu nimeahidi kutopunguza. Ilikuwa dakika moja tu, nikiwa naosha vyombo: kwamba akifa sitalazimika kukaa mbele yake. Nikaweka sahani chini, nikakaa sakafuni. Mume wangu alinikuta hapo, akakaa nami sakafuni na suruali ya mteja begani. Hakuuliza.

5 Mei

Hakuna habari. Mrefu amekuja na baiskeli, kalowa chapachapa. Ameleta habari za kambi kama mtu anayemletea mgonjwa matunda. Wageni wamepungua. Anatangulia mwenyewe na mpishi anafunga msafara. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akasema hasikii raha tena huko mbele, kila akisikia ndege shingo inataka kuinama na hakuna wa kumwona.

Nilimkasirikia kwa kunipenda hivyo. Kisha nikamfunga koti vifungo vyote, kama mdogo wangu wa tumbo moja.

8 Mei

Mdogo wake Bi Kofia amepiga simu. Mume wangu ndiye aliyepokea, akanitamkia uso kwa uso, neno kwa neno: homa imeshuka, mashine imeondolewa. Mguu hautambeba tena bila fimbo mbili. "Dada anakuita. Mimi sikutaka, lakini sijawahi kumshinda."

10 Mei

Wodi ina vitanda sita na madirisha marefu yanayoangalia ukuta. Yeye yuko kitanda cha mwisho. Bila kofia ni mdogo sana, nywele nyeupe zimekatwa hadi kwenye ngozi. Bado wanampa hewa kwa kimfuniko cha plastiki puani na mdomoni, anakivua akitaka kusema. Mdogo wake alikaa upande wa pili wa kitanda, mikono kifuani, akinitazama mimi tu.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Ilipofika wakati nikaweza kusema hili tu: "Mama, sikukusikia kwa sababu sisikii. Na nilijua kwamba sisikii. Nilijua kabla hamjafika."

Akavua kimfuniko, akasema kitu. Sauti yake sasa haifiki hata ile ya mwanzo, ni pumzi yenye umbo la maneno. Na kichwa changu, Mungu anisamehe, kikaanza kutikisika chenyewe. Kile cha katikati.

Nikakisimamisha.

"Sikupata, Mama. Naomba urudie."

Mdogo wake akafungua mikono kifuani. Bi Kofia akarudia, na midomo yake akaifungua zaidi, kama anayewasomesha darasa la kwanza: "Usiniombe msamaha. Kaa. Nataka ujue ilivyokuwa."

Basi nikakaa, na akanieleza. Ilichukua karibu saa nzima ya kutembelea wagonjwa. Kila niliposhindwa kupata neno nilimwambia sikupata, naye alirudia. Hakunionea huruma hata kidogo, na hakuna neno alilokataa kulirudia.

Alisema saa ya kwanza alinikasirikia, na hasira ikampa joto. Alinisikia nikimwita Mama kila nilipopita, akapuliza, nami nikapita. Alitupa mawe, hayakufika. Alisema mara ya tatu nilisimama hasa juu yake, muda mrefu, akaziona kamba za viatu vyangu zilivyofungwa fundo mara mbili, akapuliza mpaka akaona nyota, na viatu vikageuka vikaenda. Hapo ndipo alipoamini kwamba atakufa. Si kwa baridi wala kwa mguu. Kwa kuona viatu vikigeuka.

Hilo nililisikia mara ya kwanza. Hata hivyo nilitamani kumwambia sikupata.

Kisha akasema saa ya mwisho baridi iliondoka, usingizi ukamjia, mtamu. Lakini ndani ya majani juu ya kichwa chake kulikuwa na ndege mmoja. Hakumwona. Sauti nyembamba, alisema, kama mtu anayekwaruza kioo kwa sindano, mara mbili, halafu kimya, halafu mara moja. Akawa anamngoja aimbe tena ndipo alale. Akaimba tena. Naye akipuliza kila ndege alipomaliza, kwa ukaidi tu, ili asije akawa yeye wa kwanza kunyamaza.

Akapumzika. Akarudisha kimfuniko, akavuta hewa, akakivua.

"Ndege gani yule?"

Katika korongo lile wanaishi wanne wenye sauti nyembamba. Nazijua tabia zao, viota vyao, saa zao. Mmoja wao hupenda majani mapana karibu na mwamba, na jina lake lilikuwa limeshafika ulimini, zuri, la kuaminika, la kumpa mgonjwa aende nalo nyumbani. Mdogo wake alikuwa ameshatoa daftari kwenye mkoba ili aandike.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sikumsikia."

Akavuta hewa. Akamwambia mdogo wake afunge daftari, watamuuliza yule kijana mrefu. Kisha akaniambia nivute kiti, bado hajamaliza. Nikavuta mpaka magoti yangu yakagusa chuma cha kitanda, nikaukazia macho mdomo wake, naye akaendelea.